Mizunguko Kumi ya Kocha

Wekeni Biblia zenu chini kidogo. Tutazifungua, msiwe na haraka. Kwanza nataka niwape habari za kocha mmoja.

Kocha huyu alikuwa fundi wa kuchomelea. Mageti, vitanda vya chuma, madirisha, hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inampa ugali. Lakini ikifika saa kumi jioni anazima mashine, ananawa uso, anavaa filimbi shingoni, huyo anakwenda kwenye uwanja wa saruji nyuma ya soko. Pale alikuwa anafundisha mpira wa kikapu kwa wasichana wa miaka kumi na minne, kumi na mitano. Vikapu vyenyewe alivitengeneza yeye kwa nondo, akavichomelea juu ya nguzo. Nani alimtuma? Hakuna. Aliupenda mchezo, na watoto wale aliwapenda. Hilo nataka mlishike tangu sasa, kwamba aliwapenda, maana tukifika katikati mtataka kumchukia.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushee. Kitambi kilishaanza kumtangulia, na goti la kulia lilikuwa bovu tangu siku alipoangukiwa na geti. Watoto walimwogopa. Yeye alijua kwamba wanamwogopa na wala hakuona ubaya, kwa sababu naye alilelewa hivyohivyo.

Sasa, najua kuna mama zangu hapa hawajawahi kutazama mpira wa kikapu hata dakika moja. Kwaya, na ninyi mnatingisha vichwa kama vile mnaujua. Nitawaelezea kwa kifupi. Mchezaji akiwa anakwenda kufunga halafu mpinzani akamgonga, hiyo inaitwa faulo. Refa anasimamisha mchezo. Yule aliyegongwa anapewa mitupo miwili ya bure. Anasimama kwenye mstari, mbele ya kikapu, na hakuna ruhusa ya kumzuia. Wote wanamtazama yeye tu. Ukisikia ni rahisi. Wale waliowahi kusimama pale watakuambia mkono unakuwa mzito, na kikapu kinaonekana kidogo.

Kocha alitaka wasichana wake wasikose mitupo ile. Kwa hiyo aliweka desturi. Kila jioni, mazoezi yakiisha, ananyoosha kidole kwa mmoja wao. Huyo anakwenda kwenye mstari, anatupa mara mbili. Ikiingia yote, wanakwenda nyumbani. Akikosa hata mmoja, timu nzima inakimbia mizunguko kumi ya uwanja. Timu nzima, isipokuwa yeye aliyekosa. Yeye anabaki palepale kwenye mstari, amekumbatia mpira kifuani, anawatazama.

Siku moja mama mmoja alikuja kumchukua binti yake, akayaona hayo, akashangaa.

"Fundi, hebu nieleze. Aliyekosa ni yule pale. Mbona hakimbii yeye?"

"Mama, akikimbia yeye atachoka miguu tu. Kesho asubuhi miguu imepona. Akiwaona wenzake wanakimbia kwa kosa lake, hapo atachoka moyo. Huyo hatakosa tena."

Mama hakuridhika. Alimchukua binti yake wakaondoka. Kocha akabaki anajisifu moyoni kwamba amejibu vizuri.

Je, alikuwa mjinga? Hapana. Msifanye haraka kumwita mjinga. Desturi ile ilizaa matunda. Wasichana walianza kufika saa tisa na nusu, kabla yake, wanatupa na kutupa. Mtu akipita anasema, jamani, timu hii ina nidhamu. Hata mimi ningepita ningesema hivyo.

Katika timu ile kulikuwa na msichana mmoja. Tumpe jina, maana nikimwita "msichana mmoja" mtamsahau kabla hamjafika getini. Tumwite Nyamizi. Mrefu, mikono mirefu, na roho ya kucheza ambayo hakuna kocha anayeweza kuifundisha. Akipata mpira haulizi mtu. Anapita katikati ya watu watatu, anagongwa, anaanguka chini, anainuka anacheka, anajipangusa vumbi. Kocha akimwona anaingia ndani namna ile alikuwa anageuka pembeni ili wasimwone anatabasamu.

Basi jioni moja kidole kikamwangukia Nyamizi. Akatupa wa kwanza, ukaingia. Wa pili ukagonga chuma, ukatoka. Wenzake wakakimbia kumi. Walipomaliza, kocha akasema, rudia. Sijui nini kilimwingia. Labda alitaka kumkomaza, maana ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Nyamizi akarudia, akakosa yote miwili. Wakakimbia kumi nyingine. Jua la saa kumi na mbili, watoto wametoka shule hawajala. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, alifika mzunguko wa kumi na saba akainama pembeni akatapika. Nyamizi aliona yote, mpira uko kifuani.

Walikuwa na dumu la maji na kikombe kimoja cha plastiki. Mmoja akinywa anampa mwenzake, kinazunguka mpaka wote wamekunywa. Jioni ile kikombe kilizunguka, kikafika kwa aliyekaa kushoto kwa Nyamizi, kikavuka, kikaenda kwa aliyekaa kulia kwake. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemwambia neno baya. Kikombe kilimpita tu.

Kocha aliona. Hapo ndipo nawaambia mtataka kumchukia. Aliona, na moyoni akasema, vizuri, leo hatasahau. Akachukua baiskeli yake akaenda zake.

Na kweli, Nyamizi hakusahau. Tangu siku ile akabadilika. Akipata mpira anatoa pasi. Njia iko wazi, anatoa pasi. Amesimama chini ya kikapu kabisa, anatafuta mtu wa kumpa. Unajua kocha alifanya nini? Alimsifu. Aliwasimamisha wote akasema, mnamwona Nyamizi, amekua, ameacha uchoyo wa mpira, igeni kwake. Nyamizi akaangalia chini, na kocha akadhani ni adabu.

Wazazi, mko hapa? Umewahi kumsifu mtoto kwa ukimya wake, kumbe mtoto amevunjika? Mimi nimewahi. Tuendelee.

Ikafika fainali ya mkoa, Jumamosi alasiri. Timu ikishinda inakwenda kwenye mashindano ya kanda, na kocha huyu kwa miaka kumi na moja hajawahi kuvuka mkoa. Mara tatu alifika fainali, mara tatu akarudi nyumbani mikono mitupu, mpaka wenzake wa karakana wakawa wanamtania kwamba mji mwingine anaujua kwenye ramani tu. Safari hii aliona ameweza. Alivaa suruali ya kitambaa, shati jeupe, na mkewe alimpigia pasi mara mbili. Mgeni rasmi yupo kwenye kiti chenye kitambaa, kombe liko mezani mbele yake.

Mchezo ukawa mgumu tangu mwanzo. Kipindi cha mwisho kocha akaanza kukuna kichwa. Nyamizi alipewa mpira, mbele yake hakuna mtu, akarudisha nyuma. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu watazamaji wakaanza kupiga kelele, piga wewe, piga. Akatoa pasi, wapinzani wakaunyaka. Zikabaki sekunde kumi na nne, timu ya kocha iko nyuma kwa pointi moja. Kocha akaomba dakika ya mapumziko. Wasichana wakamzunguka wanahema, na yeye damu inamchemka.

"Nyamizi, njia ilikuwa wazi. Nani alikuzuia?"

"Hakuna, Kocha."

"Sasa kwa nini huingii?"

Kocha akauliza tena, kwa sauti ya kumtisha. Ndipo msichana akasema, taratibu, anaangalia viatu vyake.

"Nikiingia watanichezea faulo. Nikichezewa faulo nitasimama pale kwenye mstari. Nikikosa, wenzangu watakimbia."

"Nani amesema habari za kukimbia? Hii ni fainali. Leo hakuna kukimbia."

"Jumatatu ipo, Kocha."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtoto anayekuambia kwamba nje kunanyesha. Jumatatu ipo. Kocha akawatazama wale wengine, akitegemea mmoja atacheka, au atasema, acha hizo, Nyamizi, sisi hatujali. Kila mmoja alikuwa anaangalia pembeni. Kumbe wote waliwaza hilohilo. Kumbe kila mmoja wao, kwa miezi na miezi, alikuwa akicheza huku anaomba mpira usimkute karibu na kikapu.

Fundi wa vyuma anajua kazi iliyoharibika akiiona, na anajua pia mkono ulioiharibu. Hiki kitu alikichomelea yeye mwenyewe, kwa mikono yake, jioni moja baada ya nyingine. Akaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Na dakika ile moja ilikuwa inakwisha.

Akasema, "Sikilizeni. Sheria imebadilika kuanzia sasa hivi. Atakayekosa, nakimbia mimi."

Wakamtazama. Kapteni wao akatazama kitambi, akashindwa kujizuia.

"Wewe, Kocha?"

"Mimi. Mizunguko kumi."

Nyamizi akasema, "Na goti je?"

"Goti ni langu, Nyamizi. Wewe ingia ndani."

Filimbi ikalia, mchezo ukaanza. Mpira ukafika kwa Nyamizi. Nadhani mnajua. Aliingia. Alipita wa kwanza, akapita wa pili kwa mabega, akaruka, akagongwa hewani akaanguka chali kwenye saruji. Faulo. Zimebaki sekunde mbili. Mitupo miwili. Ukiingia mmoja, wako sawa. Ikiingia yote, kanda hiyo.

Akasimama kwenye mstari. Kocha ameshika filimbi yake kwa meno. Nyamizi akadundisha mpira mara tatu, akavuta pumzi, akatupa. Ukagonga chuma mbele, ukarudi. Akapewa wa pili. Akafuta jasho, akatupa. Mpira ukapanda vizuri, ukagusa ukingo wa kikapu, ukazunguka, ukazunguka tena.

Ukatoka.

Najua. Nimewaona. Wengine mlishaweka mikono tayari kwa makofi, na mzee wangu pale alishavuta pumzi ya kusema haleluya. Mfano ni wangu, ningetaka ningeuingiza ule mpira, nani angenizuia? Lakini ukiingia, tutajuaje kama kocha alikuwa anasema kweli? Ahadi ya mtu anayesema "ukikosa nakimbia mimi" haina kazi yoyote siku ambayo hukukosa. Mpira ulitoka. Wapinzani wakaudaka, muda ukaisha. Wameshindwa kwa pointi moja. Mwaka wa kumi na moja ukaenda na maji.

Wapinzani wakaanza kucheza na kukumbatiana. Na hapa kuna jambo ambalo nataka mlitazame polepole. Nyamizi aliufuata mpira, akauokota, akarudi nao kwenye mstari, akaukumbatia kifuani, akasimama. Hakuna aliyemwambia. Ndivyo alivyozoea. Na wale wenzake, siku ya fainali, mbele ya mgeni rasmi, wakajipanga pembeni ya uwanja, mmoja nyuma ya mwingine, tayari kukimbia. Hawakuamini. Waliisikia sheria mpya kwa masikio yao, na miguu yao haikuamini.

Kocha akawafikia. "Kaeni kwenye benchi," akawaambia. Akamwendea Nyamizi, akautoa mpira mikononi mwake. Alilazimika kuuvuta kidogo.

"Nenda kaketi na wenzako."

Akavua filimbi akampa kapteni. Akakunja suruali yake ya kitambaa. Akaanza kukimbia.

Watu wakacheka. Kwa nini wasicheke? Mzee mwenye kitambi, ameshindwa fainali, anazunguka uwanja peke yake na shati jeupe. Mmoja akasema kwa sauti, maskini, amechanganyikiwa. Mgeni rasmi ameshika kombe hajui alikabidhi sasa au asubiri. Mzunguko wa tatu goti likaanza kumsaliti. Mzunguko wa tano alikuwa anaburuza mguu. Mzunguko wa sita Nyamizi hakuweza tena, akasimama, machozi yanamtoka.

"Basi, Kocha. Inatosha."

"Imebaki minne," kocha akasema, anahema. "Keti."

Akageuka kuketi. Na wale wasichana, ambao miezi ile yote walikuwa wanakaa mbali naye kidogo, wakasogea, huku na huku, akapata nafasi katikati yao. Mmoja akamwekea mkono begani. Kocha alikuwa upande wa pili wa uwanja, hakuliona hilo. Alilisikia baadaye.

Jumatatu ikafika, kama Nyamizi alivyosema. Kocha alikuja anachechemea, amekata fimbo ya kutembelea. Mazoezi yakaisha. Kabla hajanyoosha kidole, Nyamizi akanyoosha mkono mwenyewe, akaenda kwenye mstari. Mmoja ukaingia, mmoja ukatoka. Kocha akaweka fimbo chini akakimbia, kama mtu anavyoweza kukimbia na goti la namna ile. Kesho yake wasichana walifika saa tisa. Kesho kutwa, saa nane na nusu, vitabu vya shule mgongoni, wanatupa, wanatupa. Mwanzoni walikuwa wanafika mapema kwa kuogopa. Sasa walimwonea huruma mzee wao. Hawakupenda kumwona anakimbia. Na walipokuwa uwanjani waliingia ndani, wote, mmoja baada ya mwingine, wanagongwa, wanaanguka, wanainuka wanacheka.

Sasa sisi.

Mnamjua aliyekimbia. Sina haja ya kuwaeleza, mnaimba habari zake kila Jumapili. Alisema, watakapokosa nitakimbia mimi, na alisema hayo akijua wazi kwamba tutakosa. Watu walimcheka akikimbia. Aliimaliza yote kumi. Kwa hilo tunasema amina, na amina yenu huwa ni nzuri, inafika mpaka barabarani.

Lakini nataka kuuliza jambo la hapa ndani. Katika kanisa letu, mtu akikosa, tunafanya nini? Tunaita kikao. Tunaandika barua. Tunamweka chini ya nidhamu, anakaa benchi la mwisho, kule karibu na mlango. Msigeuke. Nimesema msigeuke, tazameni mbele. Mwaka jana tulimweka pale binti mmoja, kwa kosa ambalo hakulifanya peke yake, na yule mwenzake hatukumwandikia hata mstari. Miezi minane. Akatubu, hapa mbele, mnakumbuka, mtoto mgongoni. Tukampokea. Karatasi ya kumpokea ipo ofisini, imepigwa muhuri. Na bado kila Jumapili anakaa palepale. Nani amemwambia akae pale? Hakuna. Mlango wa nidhamu tumeufungua, lakini yeye bado amesimama kwenye mstari na mpira kifuani, na sisi, tukipeana mikono ya amani, mkono unafika kwa wa kushoto kwake, unaruka, unakwenda kwa wa kulia.

Halafu tunakaa kwenye vikao tunajiuliza kwa nini vijana wetu hawajitokezi. Kwa nini hakuna anayetaka kuongoza ibada, hakuna anayetaka kufundisha watoto, kila ukimpa kazi anatoa pasi. Wanajua wakikosa tutawafanyia nini. Wamemwona mwenzao.

Barua ile niliisaini mimi. Wazee wa kanisa walikaa, lakini kalamu ilikuwa yangu, na siku ile nilikwenda nyumbani nikala nikashiba nikidhani nimelinda kundi. Nimeomba msamaha kwa Mungu. Jana nimekwenda nyumbani kwa mama yake, nikamwomba msamaha yeye na binti yake, na wakanipa chai.

Kile kiti changu cha mbele, chenye mto, mnakiona? Nikimaliza kuomba hapa sitarudi pale. Nashuka ngazi hizi, napita katikati yenu, nakwenda kukaa benchi la mwisho, leo na Jumapili ijayo na zinazofuata, mpaka yeye atakapopata mahali pengine humu ndani ambapo watu watamsogelea. Mwenye shida na mchungaji wake atanikuta kule. Lile benchi ni refu, nimelipima jana jioni, linachukua watu saba.

Tusimame tuombe.